Wodini hatapiki, nyumbani anatapika: kisa cha kijana wa miaka 16 na kemo ya saratani ya mfupa

Faili la huyu kijana upande wa kutapika lilikuwa safi kabisa. Mzunguko wa kwanza wa kemo nesi kaandika "hajatapika", mzunguko wa pili tena "hajatapika, anakula kidogo kidogo", daktari akasaini, mgonjwa akaruhusiwa. Siku ya mzunguko wa tatu hakutokea. Ikapita wiki, nesi wa kliniki akampigia mama yake simu, na mama akasema kwa upole kabisa kwamba mwanae amekataa, na yeye hana tena nguvu ya kumlazimisha mtoto arudi kwenye kitu kinachommaliza kila mara. Amekataa kwa sababu gani? Kutapika. Sasa faili linasema hatapiki na mgonjwa ameacha matibabu kwa sababu ya kutapika, maana yake kuna siku kadhaa hapo katikati ambazo hakuna mtu wa hospitali aliyeziona wala kuziuliza.

Mi ni mfamasia na kesi hii niliingizwa aliporudi, baada ya simu nyingi na mjomba wake mmoja kusaidia kuongea nae. Hospitali siitaji, mkoa siutaji, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili asijulikane. Ila dawa, siku na mpangilio wa mambo ni kama ulivyokuwa, maana hapo ndo penye funzo.

Alianza na maumivu juu ya goti la kulia akiwa kidato cha pili. Mpira, kila mtu alisema ni mpira, akachuliwa, akapakwa mafuta, miezi ikaenda mpaka uvimbe ukaonekana kwa macho. Eksirei, kinyama kikachukuliwa, majibu osteosakoma. Hii ndo saratani ya mfupa inayowapata zaidi vijana, hasa kipindi wanarefuka kwa kasi, na inapenda sana maeneo ya kuzunguka goti. CT ya kifua, ile picha ya kuangalia kama saratani imefika mapafuni, ilikuwa safi, kwa hiyo lengo lilikuwa kumponya, na hilo ulishike kichwani maana ndo linafanya kuacha matibabu kuume zaidi.

Matibabu yake ni kemo kwanza, halafu upasuaji, halafu kemo tena. Nchi zenye uwezo wanatumia dawa tatu, methotreksati kwa dozi kubwa, doksorubisini na sisplatini. Hiyo methotreksati ya dozi kubwa inataka upime kiwango cha dawa kwenye damu kila siku mpaka ishuke, kwa hiyo sehemu nyingi kwetu wanabaki na mbili za mwisho, na huyu alikuwa kwenye hizo mbili. Sisplatini miligramu 120 kwa mita ya mraba ya mwili, imegawanywa siku mbili, pamoja na doksorubisini, ile dripu nyekundu ambayo kila mgonjwa wa kemo anaikumbuka. Alikuwa na kilo 48 anaanza.

Sisplatini iko kundi la juu kabisa la dawa zinazotapisha. Ukimpa mtu bila kinga yoyote, zaidi ya watu 9 kati ya 10 watatapika. Hili linajulikana tangu dawa iingie sokoni Marekani 1978, na kwa miaka mingi wagonjwa walikuwa wanatapika mara nyingi kwa siku mpaka wengine wanasema bora nife, mpaka dawa ya kuzuia kutapika inayoitwa ondansetroni ilipoidhinishwa huko huko mwaka 1991 ndo mambo yakabadilika. Kwa hiyo hakuna wodi leo itampa mtoto sisplatini bila ondansetroni, na huyu alipewa. Ondansetroni miligramu 8 kwenye mshipa na deksamethasoni, dawa ya steroidi inayosaidia kuzuia kutapika, kabla ya dripu, siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu asubuhi anaruhusiwa, mkononi ana vidonge vya metoklopramaidi, dawa nyingine ya kuzuia kutapika, ameambiwa "ukijisikia vibaya unameza". Kwenye karatasi inaonekana kama amehudumiwa vizuri tu.

Tatizo ni kwamba kutapika kwa sisplatini kuna mawimbi mawili na hayafanani. Wimbi la kwanza linakuja ndani ya saa 24, dawa inaumiza seli za utumbo, zile seli zinamwaga serotonini, serotonini inagusa mishipa ya fahamu inayopeleka taarifa kwenye ubongo, unatapika. Ondansetroni inaziba mlango huo na inauziba vizuri kweli. Wimbi la pili linaanza baada ya hizo saa 24, linapanda mpaka juu kabisa kati ya saa 48 na 72, na linaweza kwenda mpaka siku ya tano. Hili linaendeshwa zaidi na kemikali nyingine inaitwa substansi P, inafanya kazi kwenye ubongo wenyewe kupitia vipokezi vya NK1, na hapo ondansetroni haina nguvu nyingi.

Hebu hesabu sasa. Sisplatini siku ya 1 na ya 2. Wimbi la pili linaangukia siku ya 3, 4, 5, hata 6. Siku ya 3 asubuhi yuko stendi anapanda basi. Yaani wodi ilikuwa inamuona kwenye siku zile tu ambazo dawa ilikuwa inafanya kazi, halafu inaandika kwamba dawa inafanya kazi.

Alichosema mama, na alichosema kijana

Nilipokaa nao nilianza na mama. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamuomba anisimulie safari ya kurudi nyumbani mzunguko wa kwanza, sio hospitali, safari. Akasema pale stendi mwanae alikuwa anacheka, wakanunua maji na ndizi. Baada ya kama saa mbili njiani akaanza kumeza mate sana, halafu ikaanza, na haikuisha mpaka wanafika usiku. Mzunguko wa pili alijua, kabla ya kupanda gari akanunua kandoo kadogo kenye mfuniko, akakaa nako mapajani njia nzima. Nyumbani mtoto hawezi harufu ya kitunguu kinachokaangwa, hawezi samaki, maji yenyewe anasema yana ladha ya chuma. Mama akahamishia jiko kwa jirani. Siku tatu, nne, anaishi kwa kulamba ndimu na uji wa baridi, na vile vidonge akimeza vinarudi.

Hapo ndo ikaja sehemu ambayo kwenye faili haipo kabisa. Mzunguko wa pili, siku ya nne, walienda duka la dawa kwa sababu vidonge havikai tumboni, akachomwa sindano ya metoklopramaidi juu ya vile vidonge alivyokuwa anajaribu kumeza. Jioni shingo ikapinda upande mmoja ikakaza, macho yakageuka juu hayashuki, taya limekaza, ulimi unatoka wenyewe. Nyumba ikajaa watu. Wengine wakasema degedege, wengine wakasema amepagawa, wakaanza maombi, na yeye anasikia kila neno ila hawezi kuwajibu. Aliniambia mwenyewe: "Nilikuwa nawasikia wanasema nakufa." Ni kliniko (tabibu) mmoja wa kituo cha afya cha karibu aliyemuona, akauliza swali moja tu, amepewa dawa gani leo, akamchoma prometazini, na ndani ya muda mfupi shingo ikaachia. Huyo kliniko alijua kazi yake na nampa heshima zote.

Hiyo inaitwa distonia, ni madhara yanayojulikana ya metoklopramaidi, na yanawapata watoto na vijana zaidi kuliko watu wazima. Ndo maana mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilibana matumizi yake, kwa watoto ibaki kuwa chaguo la pili na isizidi siku tano. Ukitaka kuitofautisha na degedege ya kawaida angalia ufahamu: huyu alikuwa na akili zake zote, anasikia, anaelewa, ila misuli haimtii. Mtu wa degedege la mwili mzima anapoteza fahamu. Kwa familia ile tofauti hiyo haikuwepo, kwao kemo ndo ilimfanya mtoto apinde shingo, na ukiwa pale sebuleni usiku ule na wewe ungeamini hivo hivo.

Kijana mwenyewe alikuwa haongei sana mbele ya mama. Mama alipotoka kwenda dirishani nikamuuliza siku gani ndo mbaya kuliko zote. Akasema, "Hapa huwa niko poa. Shida ikishafika nyumbani." Halafu akaongeza kitu kingine, kwamba mzunguko wa pili alitapika asubuhi kabla hata ya kuwekewa dripu, alipoona ile chupa nyekundu inakuja kwenye toroli. Hiyo nesi aliiona ila ilihesabiwa ni woga, na kwa sababu dawa ilikuwa haijaingia haikuandikwa.

Ule haukuwa woga kwa maana ya utoto. Ubongo umeshajifunza kuunganisha harufu ya spiriti, rangi, korido, na mateso yaliyofuata, na unaanza kutapisha mapema. Ikishajifunza hivo dawa za kuzuia kutapika zinaigusa kidogo sana, kinachosaidia hasa ni kuzuia mizunguko ya mwanzo isiwe mibaya, maana hapo hakuna cha kujifunza. Kwa huyu tayari tulikuwa tumechelewa kwenye hilo.

Kilo zilikuwa 43.5.

Tulichoangalia kabla ya kuongeza dawa

Kuna kishawishi cha kusema basi tatizo ni kemo, ongeza dawa, mwisho. Ila kijana wa kwenye kemo anaweza kutapika kwa mambo mengi na ukikosea unaficha ugonjwa mwingine. Homa hakuwa nayo siku zile, kipimo cha malaria hasi, na siku zenyewe zilikuwa mapema mno kwa maambukizi yanayokuja chembe nyeupe za damu zikishuka, hizo huwa zinashuka zaidi wiki ya pili. Ila tulikuta vitu viwili. Alikuwa na siku tano hajapata choo, kwa sababu ondansetroni inafunga choo na juu yake alikuwa anameza tramado kwa maumivu ya mguu, ambayo nayo inafunga choo na nayo inaleta kichefuchefu peke yake. Pili, magnesiamu ilikuwa chini. Sisplatini inaipoteza kwenye figo, kutapika na kutokula kunamalizia. Hili lina uzito kwa sababu ondansetroni inaweza kurefusha mapigo ya umeme wa moyo, na moyo usio na magnesiamu wala potasiamu ya kutosha ni rahisi kuvurugika, na huyu anapewa na doksorubisini ambayo yenyewe inaugusa moyo. Kwa hiyo ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kwanza, magnesiamu ikarudishwa, dawa ya kulainisha choo ikaanza kabla ya mzunguko na sio baada, dawa ya maumivu ikapangwa upya.

Kitu kingine ambacho mi nakisisitiza mpaka watu wananichoka: kutapika unaweza kukuona, kichefuchefu hakionekani. Mtoto anaweza asitapike hata mara moja na akawa na hali mbaya kutwa nzima, amelala amegeukia ukutani, na ukipita raundi unaandika "ametulia". Kule Toronto walitengeneza kipimo chenye sura nne za katuni kwa ajili ya watoto kuonyesha wenyewe kichefuchefu kiko kiasi gani. Kwa kijana wa 16 haihitaji hata sura, muulize kati ya 0 na 10, basi. Huyu alipoulizwa kuhusu siku ya nne ya mzunguko wa pili alisema 10 bila kufikiri.

Mpango

Miongozo ya kimataifa ya kemo ya watoto iko wazi kwa dawa za kundi hili la juu: unampa dawa tatu kwa pamoja, moja ya familia ya ondansetroni, deksamethasoni, na aprepitanti. Aprepitanti ndo inayoziba kile kipokezi cha NK1, yaani ile inayoenda kwenye wimbi la pili. Utafiti mkubwa wa watoto uliotoka 2015 ulilinganisha ondansetroni pamoja na aprepitanti dhidi ya ondansetroni bila aprepitanti, na kwenye zile siku za nyuma, baada ya saa 24, waliokaa bila kutapika kabisa na bila kuhitaji dawa ya dharura walikuwa asilimia 51 kwa 26. Karibu mara mbili. Na bado angalia, nusu hawakufikia hapo, kwa hiyo usimuahidi mzazi kwamba mtoto hatatapika tena.

Tukampa aprepitanti miligramu 125 siku ya kwanza na 80 siku mbili zinazofuata. Deksamethasoni tukaipunguza nusu, na hii inasahaulika sana: aprepitanti inazuia ini kuivunja deksamethasoni, ukiacha dozi ile ile ni kama umempa mara mbili, halafu unashangaa mtoto halali usiku na sukari inapanda. Deksamethasoni ikawa ya asubuhi tu. Ondansetroni kwa saa zilizopangwa, sio "ukijisikia vibaya". Na hapa naongea kwa nguvu, hiyo kauli ya "ukijisikia vibaya unameza" kwa mgonjwa wa sisplatini iondolewe kabisa kwenye midomo yetu, kwa sababu akishajisikia vibaya kidonge hakikai.

Kwa sababu alishashindwa na mpango wa kwanza tukaongeza olanzapini miligramu 5 usiku mpaka siku ya sita. Lorazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, kwa ajili ya kile cha kutapika kabla ya dripu tuliijadili tukaiacha, kwa kuwa olanzapini tayari inalaza. Metoklopramaidi ikaandikwa juu ya faili kwa maandishi makubwa, asipewe, na mama akapewa karatasi yenye jina la dawa hiyo aionyeshe duka lolote la dawa.

Olanzapini ilileta maneno. Mama alisoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi, akanirudia macho yamemjaa: "Daktari, hii si ya wagonjwa wa akili? Mwanangu mmemuona amechanganyikiwa?" Swali la haki kabisa. Nikamueleza kwamba dawa hiyo hiyo inaziba vipokezi kadhaa vya kichefuchefu kwa wakati mmoja, dopamini na serotonini ndani yake, na kwamba hapa ni siku sita tu kwa dozi ndogo, na kwamba hakuna mtu aliyeandika popote kuwa kijana ana ugonjwa wa akili. Nikamfungulia faili akaona. Ukiagiza olanzapini bila kufanya mazungumzo haya, boksi linaishia kwenye kabati nyumbani.

Ila mabadiliko ambayo naamini yalifanya kazi kubwa kuliko yote hayakuwa dawa. Hakupanda basi siku ya tatu. Alikaa mjini kwa ndugu mpaka siku ya saba, maana kumpandisha basi la mchana kutwa mtoto ambaye tangu zamani gari linamchefua, siku ile ile wimbi la pili linapanda, ni kumtesa. Kwenye vitu vinavyoongeza hatari ya kichefuchefu cha kemo, kuchefuliwa na gari kumo, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Wodini alihamishiwa kitanda cha dirishani, dripu nyekundu ikafunikwa mfuko kabla ya kuletwa (inatakiwa kukingwa na mwanga hata hivyo), akaruhusiwa kuvaa hedfoni. Kijiko cha plastiki badala ya chuma. Chakula cha baridi.

Ilivyokuwa

Siku ya 1 na 2, hakuna kitu. Asubuhi ya siku ya kwanza alitapika mate kidogo kwenye korido kabla ya dripu, kile cha kujifunza kilikuwa bado kipo. Siku ya 3 alitapika mara moja usiku. Siku ya 4 kichefuchefu akakipa 4, siku ya 5 akakipa 3 na akaomba chipsi mayai, mama akanipigia simu kuniambia hilo tu. Choo alipata. Aliporudi kwa vipimo alikuwa amepoteza chini ya kilo moja.

Lalamiko lake lilikuwa usingizi, analala mpaka saa nne asubuhi na akiamka kichwa kizito. Mzunguko wa nne tukashusha olanzapini iwe 2.5. Kuna utafiti wa hospitali ya saratani ya Tata Memorial kule Mumbai uliotoka 2024, wengi wao watu wazima, ulioonyesha 2.5 haizidiwi na 10 kwenye kuzuia kutapika na usingizi unapungua sana. Kwake ilienda vile vile, usingizi ukapungua na kutapika hakukurudi.

Ule muda aliokosa katikati siwezi kuufuta kwenye hesabu. Kemo ya osteosakoma inafanya kazi kwa ratiba, na ratiba ilivunjika kwa kitu ambacho kilikuwa na dawa yake. Upasuaji ulifanyika, mguu ulikatwa juu ya goti, hiyo ilishapangwa tangu mwanzo kutokana na ukubwa wa uvimbe. Mizunguko iliyobaki baada ya upasuaji anaimaliza kwa mpango huu huu.

Aprepitanti ilinunuliwa nje, bima haikuigusa, ni michango ya ukoo na mtu mmoja wa kanisani kwao. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na bado stoo nyingi hazina. Kwa familia zisizoweza kuinunua, tunachofanya sasa pale kazini ni ondansetroni kwa saa, deksamethasoni dozi kamili, na olanzapini ya usiku ambayo ni bei rahisi na inapatikana, huku tukiangalia usingizi na ECG. Sio sawa na mpango kamili ila ni mbali sana na vidonge vya metoklopramaidi mkononi. Fomu ya kemo imeongezewa mistari ya siku ya 3 mpaka ya 6, mgonjwa anaijaza mwenyewe kwa namba, na nesi wa kliniki anapiga simu siku ya nne, anauliza kichefuchefu kiko ngapi, umepata choo, unakunywa nini. Fomu isiporudi na hiyo mistari, mzunguko unaofuata hauchanganywi famasi mpaka mtu amekaa na mgonjwa akamuuliza.